Karatasi Ndani ya Tamali

Santa Fe, Januari 1795

Dada yangu mpenzi Gertrudis,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na mtoto hamjambo huko Tunja, na kifua chako kimepata nafuu. Sisi ni wazima wa mwili tu, maana Bernarda ameondoka, na jiko letu halina tena mpishi.

Unajua Baba alivyoipenda ile karatasi ya Kifaransa iliyopigwa marufuku, isemayo watu wote huzaliwa huru. Aliitafsiri mwenyewe, na kila alasiri rafiki zake walikuja kuisikiliza, wakinywa chokoleti na kuwalaani magavana tunaoletewa kutoka Uhispania. Siku moja Bernarda, akiwamiminia, akauliza, "Bwana, katika hao watu wote, na wapishi wamo?" Walicheka hadi vikombe vikamwagika. Baba akamjibu, "We Bernarda, uhuru gani tena unautaka? Jikoni humo nani anakuamuru?" Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Wiki moja kabla ya Krismasi askari walikuja kupekua. Baba alizunguka chumbani na karatasi yake, asijue pa kuiweka. Bernarda akamnyang'anya karatasi, akaizungushia unga wa mahindi uliokandwa na majani ya mgomba, akaitosa chunguni pamoja na tamali za sikukuu. Askari walikula sita. Kila walipofungua jani, nilichungulia kama ni lile. Walishiba, wakasifu mapishi, wakaenda zao.

Baba alimzawadia shali. Shali, Gertrudis! Mtu aliyemwokoa na gereza, tena ambaye binti yake Baba mwenyewe alimuuza huko mjini Honda. Bernarda aliniambia kwa upole kwamba binti huyo amejifungua, naye hajamwona mjukuu.

Sasa nikwambie nililolifanya. Niliandika hati ya kumwacha Bernarda huru kutoka utumwani, nikaipenyeza kati ya hati za shamba ambazo Baba hutia saini bila kusoma. Akasaini. Jumatatu Bernarda akafuatana na wachunga nyumbu wa mizigo kwenda Honda. Baba anadhani ametoroka, na ameshaandika tangazo la kumsaka. Asubuhi hii, kabla halijapelekwa, nitamwambia ni mimi. Akiikana saini yake, Bernarda atarudishwa amefungwa kamba.

Tulipoagana alinikumbatia kama alivyokuwa akitukumbatia tukiwa wadogo, nikalia. Kisha akaniuliza kwa nini uhuru wake ulipaswa kuibwa, wakati Baba anausoma kwa sauti kila siku. Nitampelekea Baba swali hilo hilo.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto, na uniombee.

Mdogo wako akupendaye,
Ignacia