Jina Nisiloliandika

Dada Salome, shikamoo. Baridi ya huku Karatu imenivalisha sweta mbili, hata wodini sizivui. Wiki iliyopita moyo wa mzee mmoja wa Kimaasai kutoka Ngorongoro, mgonjwa wa figo wa miaka mingi, ulisimama. Nikamkandamiza kifua huku nikimwita jina. Mdogo wake akanishika mkono: "Nesi, nyamaza! Kwetu aliyekufa hatajwi jina."

Moyo ukarudi. Mdogo wake akamwita mwenyewe, tena na tena, akilia. Ila figo hazikupona, na siku ya tatu mzee akafariki. Ndiyo maana jina lake sikuandikii.

Dada, naye alianza kwa kuvimba miguu, kama wewe. Nenda hospitali. Nikishuka kwenye basi nataka nikuite jina mpaka majirani watoke nje.

Mdogo wako, Neema