Kalamu Ilisema Saa Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mjukuu wa marehemu
Umri: miaka 18
Kazi: sina, nimemaliza shule juzijuzi
Makazi: nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa Bibi

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Bibi yangu, mgonjwa wa kisukari ambaye macho yake hayakuwa yakiona vizuri, alipewa kliniki kalamu mpya ya kujichoma insulini. Ukibonyeza kitufe, inakutajia kwa Kiswahili saa uliyochoma mara ya mwisho. Bibi aliipenda, akaiita Mwalimu.

"Mke mwenzangu, sasa utapumzika kunikumbusha," aliniambia.

Kesho yake alijichoma saa mbili asubuhi, nikiwepo. Mchana nilikwenda kwa fundi cherehani kuuliza kazi. Niliporudi saa kumi jioni, Bibi ndiyo kwanza alikuwa ameamka, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Hivi ya mchana nimechoma?"

"Sijui, Bibi. Sikuwepo."

"Basi tumuulize Mwalimu."

Akabonyeza. Ikasema, "Dozi ya mwisho, saa mbili."

"Umesikia? Hiyo ya asubuhi. Nusura nijisahau."

Akajichoma. Mimi nilimshikia gauni lisishuke. Kisha nikaenda jikoni kumpikia. Nilipomletea sahani alikuwa amelowa jasho na haitiki. Jirani alitusaidia kumfikisha hospitali. Walisema sukari imeshuka mno. Alifariki jioni hiyohiyo.

Tukiwa pale nje, jirani alisema, "Lakini mbona saa nane nilimwona akijichoma?"

Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nikabonyeza. Ikasema saa nne.

Ndipo nilipoelewa. Saa kumi inaiita saa nne. Ile saa mbili ilikuwa saa nane mchana. Walioitengeneza waliifundisha Kiswahili kizuri kabisa, ila hawakuuliza sisi saa tunazihesabuje.

Siku ile kliniki kulikuwa na foleni, na wengine nao walipewa. Naomba waambiwe leo, si kesho. Sina zaidi ya hilo.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekubali ni yake. Kalamu nimeipokea kama kielelezo. Nilipoibonyeza ilitamka dozi ya mwisho, nami nikaandika "saa nne". Shahidi, ambaye muda wote alizungumza kwa sauti ya chini sana, alisema, "Hapana, afande. Hata wewe." Nimekata, nimeandika saa kumi jioni.