Wivu Wangu na Mashimo Yako Meusi

Mdogo wangu Naliaka,

Jumapili nilikuwa nyumbani Bungoma. Mgeni mmoja wa kanisani aliponiuliza jina, Mama akanitangulia: "Huyu ni dadake Naliaka, ule anasomea mashimo ya huko mbinguni, Ulaya. Si mchezo, bana!" Miaka kumi na tano nafundisha fizikia Kitale, na bado natambulishwa kwa jina lako. Nilitabasamu, nikaenda jikoni kusonga ugali kwa hasira.

Nakuonea wivu. Afadhali niseme.

Unakumbuka kule shambani Malakisi, tukimfungia Baba majani ya tumbaku kwenye vijiti? Ni mimi niliyekuambia kwamba uvutano hupinda mwanga, na kwamba kuna mahali mwanga ukiingia hautoki tena. Ulicheka hadi ukaangusha kijiti. "Wacha uongo, dada! Ati mwangaza inapinda?" Ukanisumbua kwa maswali wiki nzima. Kisha Baba akaugua, nikaacha shahada ya pili nimuuguze, wewe ukaenda Ulaya. Hukuninyang'anya kitu, najua. Lakini inauma.

Mwezi jana ukanitumia rasimu ya tasnifu yako niipitie. Nilitamani iwe mbovu. Katika nadharia tuliyosoma wote, shimo jeusi ni uzito, mzunguko na chaji, basi. Katika nadharia zako mbadala za uvutano, shimo hilo linaweza kubeba kitu cha ziada, uga wa nguvu usioonekana unaolizingira. Ni kazi safi, na niliichukia kila ukurasa.

Halafu ukurasa wa arobaini nikakuta kosa lako la tangu darasa la saba: umefungua mabano yenye alama ya kutoa mbele, ukasahau kugeuza alama ya mwisho. Hesabu zote zinazofuata zimeegemea hapo. Nilifurahi, Naliaka. Nilipika chai, nikainywa polepole, ndipo nikakujibu, "Iko sawa, hongera." Sasa ni wiki mbili.

Leo nimeirudia hesabu hiyo ubaoni, darasa likiwa tupu. Ukigeuza alama, ule uga haupotei kama nilivyoombea. Unaongezeka nguvu. Niliketi kwenye dawati la mwanafunzi, nikalia.

Rekebisha kabla hujakaa mbele ya watahini Ijumaa. Nimekuandikia nikiwa bado na wivu, maana ningengoja uishe, ungeaibika.

Vaa nguo nzito huko.

Dada yako mkubwa