Shikamoo kwa Mzazi Mwenye Ndevu

Mama yangu,

Shikamoo yako nimeiweka mwisho, utaona sababu. Hapa Babati sisi madaktari wa watoto tunafundishwa namna ya kufundisha wanafunzi wetu. Leo ilikuwa zamu yangu kufundisha mbele ya wenzangu jinsi ya kuzungumza na mzazi, na niliogopa sana. Msimamizi wetu, daktari mzee mwenye ndevu nyeupe, aliigiza msichana aliyejifungua juzi: kajifunga kitenge, kapakata mdoli. Nikasahau kwamba yeye ni msichana, nikamwinamia, "Shikamoo." Akaitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akacheka hadi mdoli ukamponyoka. Hofu ikaniisha palepale. Nikafundisha kama niko wodini kwetu, nikafaulu. Sasa nakula samaki wa ziwani, na anashuka vizuri.

Shikamoo, mama. Hii imefika kwa mwenyewe.

Rehema wako