Jicho kwa Jicho, Si Jicho na Roho

Abboowe Abdi, kaka yangu,

Asalaam aleikum. Huku Toronto mimi mzima, ila baridi inanila. Nyie hapo Iftin mko salama? Malishoni Sangailu kumenyesha? Na ndugu yetu Yusuf, kidonda cha jicho kimeacha kumuuma?

Wallahi leo nina neno nawe. Uliponitumia sauti kwamba "Hassan atalipa," nilishukuru Mungu, nikadhani wazee wamekaa, ngamia wa fidia watatolewa, yameisha. Kumbe! Hooyo akapiga simu, mama yetu mtu mzima, analia: Abdi ananoa kisu, anataka kumtoa Hassan jicho kama Hassan alivyomtoa Yusuf pale kisimani. Hassan ni binamu yetu, Abdi! Umepagawa?

Nikaenda kazini macho mekundu. Yule mzee Myahudi ninayemtunza, zamani alikuwa mwalimu wa Taurati, akaniuliza nalilia nini. Nikamjibu kwa hasira, "Si sheria yenu hiyo! Jicho kwa jicho!"

Mzee akanikodolea macho. "Nani kakwambia tulikuwa tunatoboana macho?"

Nilishtuka, kaka. Maisha yangu yote nimeamini hivyo! Akasema maandishi ni hayo, lakini walimu wao wa kale walikuwa na maelezo yasiyoandikwa. Mwanafunzi aliyasikia kwa mwalimu, akayashika kichwani, akiyasema anamtaja aliyemfundisha. Kama masheikh wetu kabisa! Na walibishana hao, we! Kitabu hichohicho kinasema ng'ombe kwa ng'ombe, na hapo maana yake ni kulipa, basi na jicho ni kulipa. Mwingine akauliza, na kama aliyepiga ni kipofu tayari, utamtoa nini? Mwingine, na ukimtoboa akafa? Imeandikwa jicho kwa jicho, si jicho na roho kwa jicho.

Hapo nikakukumbuka wewe. Mkono wako naujua, Abdi. Hassan akivuja damu huko malishoni, hospitali iko wapi?

Na usiniambie nimekuletea dini ya watu. Yetu yenyewe inasema anayesamehe anafutiwa dhambi. Nenda kamuulize sheikh, kama unamwogopa Mungu kuliko maneno ya vijana wanaokuchochea.

Nisalimie Hooyo, mkeo, na mke wa Yusuf. Yusuf mwenyewe nimeongea naye asubuhi. Anaogopa kukwambia, basi nakwambia mimi: kwa jicho lililobaki anataka akuone nyumbani, si nyuma ya nondo za jela.

Nipigie kabla hujatoka mlangoni.

Dadako mwenye mdomo,
Sahra