Kikombe cha Apolline

Bukavu, Muhungu
Tarehe 21 Mei 2023

Mpendwa shemeji Patrice,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, kwenye mvua na tope. U mzima? Na Agnès, na watoto, na ule mgongo wako? Baridi ya Lubumbashi imeanza? Sisi tunakula, tunalala, tunamshukuru Mungu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe unasema kumi, kisha mtandao unakatika nabaki nikiongea na ukuta. Isome barua hii hadi mwisho, hata ukikasirika.

Kwanza mdogo wako. Philémon anaendelea vizuri, na hiyo ndiyo habari ambayo hapa hakuna anayetaka kuisikia. Unakumbuka alivyoanguka mwezi wa pili kule Nyangezi, kwenye komunio ya mjukuu wa Apolline: kichwa kilimuuma ghafla, akashika shingo, akatapika. Picha zikaonyesha damu imemwagika kuzunguka ubongo. Tukampeleka Kigali, wakapiga picha za mishipa yote, baadaye wakarudia. Hakuna mshipa uliopasuka. Damu ilitoka wapi, hawajui.

Nililia palepale. Daktari akaniambia: "Maman, kama hatukuona kitu, ufurahie." Akanieleza taratibu kwamba wale ambao mshipa mbovu umeonekana ndio wa kuogopewa zaidi. Walio kama Philémon wengi hurudi kwenye maisha yao, na ni nadra damu kumwagika tena. Atachoka upesi, kichwa kitamsumbua, atasahau mambo, pengine kwa miezi mingi. Kweli anasahau, juzi alinisalimia mara mbili kabla ya chai. Lakini kazi afanye, kidogo kidogo.

Sasa nenda ukamweleze hayo tonton Constantin, mjomba wenu! Aliyasikiliza yote, akavaa kofia yake, akasema: "Badocteur balitafuta kichwa yote, habakuona kitu. Basi iko karuho." Ndiyo hivyo, shemeji. Mashine ikikosa kuona, basi mtu amelishwa sumu. Na kwa kuwa kikombe cha mwisho alichoshika Philémon kabla ya kuanguka kilikuwa cha Apolline, maji ya ndizi, mutobe ambao hata haujachacha, na kwa kuwa alimpa bila kuonja kwanza, kesi imekwisha. Wewe unajua kwa nini hakuonja. Mtu huonja mbele ya mgeni ili kumtoa wasiwasi. Apolline ndiye aliyewapikia mlipofiwa na mama yenu, angeonja kwa ajili ya nani?

Tangu hapo nyumba yangu imekuwa matanga ya mtu aliye hai. Wageni wanaingia na nyuso za mazishi, wananong'ona, wanamtazama mume wangu anavyotafuna. Constantin ameng'oa mkanda wa cherehani na kwenda nao kwake, eti Philémon asichoshe kichwa. Fundi mzima wa nguo anakaa akiitazama cherehani isiyozunguka! Yamenifika shingoni.

Na sasa wanataka Apolline ahame kwenye kiwanja cha Nyangezi, na wanasema wewe umekubali. Kiwanja ni chako, wewe ndiye mkubwa, sibishi. Lakini mjane wa umri ule ataenda wapi akiwa na jina la mlozi? Ameshaanza kufunga mikeka yake.

Jumapili iliyopita Philémon alivaa suti yake, akasema twende Nyangezi. Constantin akatufuata na kundi lake. Philémon aliketi kwenye benchi lilelile, akaomba mutobe. Apolline akaleta kikombe, akakiinua aonje kwa sababu macho yote yalikuwa kwake. Mume wangu akamshika mkono.

"Acha, maman. Siku ile haukuonja, na leo usionje. Leta."

Akanywa hadi tone la mwisho. Nilijivunia mtu huyo kuliko siku ya harusi yetu.

Na Constantin? Anasema tungoje, eti karuho ni ya polepole. Unaona ninaishi na watu gani? Philémon hawamsikii kwa sababu kichwa chake si kizuri, mimi hawanisikii kwa sababu nimeolewa tu hapa. Wewe watakusikia.

Jibu lako litasomwa kwa sauti sebuleni, kama kawaida, na Constantin atakaa mbele asikie kama ametajwa. Basi utakapofika kwenye salamu, mtaje Apolline, kwa jina lake, kabla ya Constantin. Mtu aliyesalimiwa na mkubwa wa ukoo mbele ya wote, hakuna atakayethubutu kumfukuza.

Benoît anasafiri kuja huko, atakuletea barua hii pamoja na sambaza kavu, wale dagaa wa ziwa letu. Msalimie Agnès sana. Binti yetu Carine anakusalimu, Philémon pia, na Constantin, sina budi kuandika. Mungu awafunike nyote, na mgongo wako aunyoshe.

Apolline hakuthubutu kuniomba nimtaje. Lakini anakusalimu.

Shemeji yako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Gisèle