Kabla ya Kumfukuza Tantine Hortense

Papa, na weye Glodie,

Maharagwe yako juu ya mbabula, angalieni makala yasizimike. Nimempeleka Mama Lubumbashi kupimwa damu.

Leo asubuhi pasta ametangaza kwa kipaza sauti kwamba Tantine Hortense anakula mifupa ya Mama kwa uchawi. Nawe Papa ukamwambia dada yako afunge mizigo. ~~Naona aibu kuwa mtoto wako.~~ Nimekasirika, basi.

Daktari wa Mama anashuku jambo jingine. Figo za Mama zimechoka, kwa hiyo tezi nne za shingoni, ndogo kama punje za mchele, zinachimba kalsiamu mifupani kama wachimbaji wa mgodi wa Kakanda. Kipimo kitaonyesha kama homoni ya tezi hizo imezidi. Nimetunga njiani kutoka kanisani:

Wachawi wako shingoni,
Tantine yuko jikoni.

Glodie, usicheke, vina vimekaa.

Maharagwe ameyapika Tantine. Papa, ukiogopa kula, mwachie Glodie.

Mizigo ya Tantine irudi chumbani mpaka majibu yatoke. Yakimpa pasta haki, nitatubu mbele ya kanisa zima. Yakinipa haki miye, yeye ataomba msamaha, kwa kipaza sauti kile kile.

Mwanao mkubwa